Lifti Zangu za Makurunge

Jumatatu, 1 Julai

Dawa. Uji. Jua la barazani.

Nimeficha jambo tangu masika. Lifti ninazotoa si wema. Nasahau njia. Nikimpakia mtu, yeye ndiye anayenielekeza bila kujua. "Hapa kulia, mwalimu, unishushe pale kibandani." Namshusha, nampakia mwingine. Hivyo ndivyo ninavyofika nyumbani.

Mjini Bagamoyo wanasema Mwalimu Shomari ana roho nzuri, mzee mwenye gari asiyedai hata nauli. Moyo wangu umechoka, daktari hakunificha. Nikifa watazitaja lifti hizo msibani. Sitaki kuzikwa na sifa ya uongo. Ndiyo maana naandika.

Leo Rehema, binti yangu ninayeishi naye, kaniomba ufunguo wa gari. Hajawahi kuuomba.

Jumanne, 2 Julai

Gari limerudi na skrini. Kama sahani ya mstatili, imebandikwa juu ya dashibodi. Inaguswa kwa kidole. Waya mmoja unatoka hapo kwenda kwenye simu. Simu ikichomekwa, ramani inatokea.

Aliyeifunga ni Kibwana, fundi redio wa magari, mtu mzima mwenye maneno mengi.

"Yenyewe bubu hii, mwalimu. Akili yote iko kwenye simu. Chomeka simu yoyote, inaongea."

Nikamwuliza nani aliyeitaka. Akamtazama Rehema, kisha akacheka. "Mwalimu bado unakagua tu! Umestaafu lini wewe? Pokea zawadi."

Nilikuwa mkaguzi wa shule. Namjua mtu anayeficha kitu nyuma ya mgongo.

Jumatano, 3 Julai

Nimewakuta getini, Rehema na Kibwana, wameinamia simu ya Rehema. Waliponiona Rehema akaishusha simu. Kibwana akaniamkia mara mbili.

Wanataka ufunguo. Wataanza na skrini, watamalizia na gari. Nimeona wazee wenzangu wakinyang'anywa hivi hivi, kwa upole.

Marehemu mke wangu, Zuhura, amelala shambani kwetu Makurunge. Kila Alhamisi naenda kumsomea Yasini. Sina kingine kilichobaki. Ufunguo ukichukuliwa, nitamzuru mke wangu kwa ruhusa ya watu.

Alhamisi, 4 Julai

Nimekwenda Makurunge na skrini yao. Sauti ya mwanamke, Kiswahili cha kusomasoma. Kata kushoto. Endelea mbele. Imenifikisha hadi kwenye mkorosho wetu wa mpakani. Sikumpakia mtu.

Nilipaswa kufurahi. Nilirudi nikamkuta Rehema mlangoni, chai tayari.

"Leo umekaa saa nzima kwa mama."

Sikuwa nimemwambia nimekaa kiasi gani. Alijuaje? Hiki kitu kinanichongea.

Ijumaa, 5 Julai

Msikitini, nyumbani. Sikula na Rehema. Nimeziba skrini kwa kitambaa.

Jumapili, 7 Julai

Nimepata dawa yake. Simu ikibaki nyumbani, skrini ni kioo tu. Alhamisi simu italala chini ya godoro. Tuone watamchungulia nani.

Nina hasira na mwanangu. Ninamwogopa pia. Naandika kama lilivyo.

Alhamisi, 11 Julai

Ni usiku, nimechoka. Nitaandika hivyo hivyo.

Kwenda hakukuwa taabu. Nilimpakia mama mmoja wa mkaa, akanielekeza. Nikasoma Yasini. Wakati wa kurudi barabara ilikuwa tupu. Nikasubiri. Kwenye njia ya mashamba ya miwa akatokea mwanamke, mtoto mgongoni, anatembea karibu na kukimbia. Nikasimama kwa furaha. Nimeandika furaha, na ndivyo ilivyokuwa.

Jina lake Neema. Ametoka bara na mumewe kutafuta kazi. Mtoto alikuwa anachemka kwa homa, macho yamelegea. Anataka hospitali, Bagamoyo mjini.

Tulipofika kwenye njia panda nikamwuliza kama nilivyozoea, "Tupitie wapi, mama?"

"Mimi mgeni, baba. Wewe ndiye mwenyeji."

Nikakata kushoto. Miwa. Nikakata tena. Miwa. Njia zote zinafanana, vumbi na miwa. Tukapita tairi bovu lililotupwa kando. Baadaye tukalipita tena.

"Baba, hapa si tumeshapita?"

Nikamwambia ni njia ya mkato. Mtoto alikuwa ameacha kulia, nami nikasema uongo ili nisiaibike. Tukalipita tairi mara ya tatu.  Neema alianza kusali kwa sauti ndogo.

Hapo nikakumbuka maneno ya Kibwana. Simu yoyote.

"Una simu?"

"Ninayo. Bando limebaki kidogo."

Nikamwonyesha waya. Akaichomeka, akaandika hospitali. Skrini ikawaka. Kata kulia. Nikakata kulia.

Malaria. Muuguzi alisema degedege lilikuwa mlangoni. Mtoto kawekewa maji ya mshipa, ataishi inshallah. Neema akaushika mkono wangu akaubusu. "Bila wewe, baba." Niliuvuta. Akarudi ndani kwa mwanawe na simu yake mkononi.

Skrini ikazima.

Nilikutana na Rehema barabarani, tukarudi pamoja. Yatosha kwa leo.

Ijumaa, 12 Julai

Habari imeenea. Mtu kaleta ndizi, mwingine dua. Mwalimu kaokoa mtoto.

Rehema amekiri. Alimwomba Kibwana amfundishe kunifuatilia kwenye simu yake, kwa sababu nilikuwa nachelewa kurudi na haya ya kuniuliza ilimzidi. Jana aliona simu yangu haijatoka nyumbani na jua linashuka. Akatoka kunitafuta kwa miguu.

Kwa hiyo nilimshuku sawasawa. Hilo halinipi raha.

Anawasimulia wageni huku anacheka. "Nimehangaika, mara gari hili hapa, limesimama. Baba kachungulia dirishani: 'Dada, unaelekea wapi? Nikupe lifti.' Nikamwambia, naelekea nyumbani kwako, mzee, una mke? Huyu baba utani wake hauishi!"

Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka.

Jumamosi, 13 Julai

Kumepoa. Rehema alikuwa anachambua mchele uani. Nimekaa karibu naye, nikauweka ufunguo ndani ya ungo.

Nimemwambia habari za lifti zote. Hakulia. Aliutoa ufunguo mcheleni, akaufungia kwenye pindo la khanga. Akasema Alhamisi ataendesha yeye, nami nitasoma.

Kisha nikamwambia lile la mwisho, nalo naliandika hapa. Nilikuwa nimetoka hospitali, katika mji niliozaliwa, na sikujua nyumbani ni upande gani. Nikaona mwanamke anatembea peke yake. Nikasimama ili anielekeze. Haukuwa utani. Alipanda, akafunga mlango, akacheka, na kicheko ni cha Zuhura, ndipo nikajua ni mwanangu.

Kabla hajacheka, sikumjua.