Ndama wa Buluu

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Maziwa yamefika sokoni Galbet yakiwa pungufu. Ndama wa ngamia wangu Adey amekufa. Shemeji yangu Yusuf ameianika ngozi uani. Ngamia akinusa ngozi ya mtoto wake huachilia maziwa. Asipoipata, siku chache tu anakauka mpaka azae tena. Adey pekee hutoa lita sita katika kumi na nne ninazouza kwa siku. Nilimnunua kwa kuchemsha chai stendi, ndugu za marehemu mume wangu wakinicheka. Sasa wanakunywa maziwa yake.

Jumanne, 6 Agosti

Ngozi haipo! Yusuf kawaazima watu wa tamasha la sanaa kutoka Nairobi, waliopanga shule ya jirani.

"Abaayo, dada yangu, walisema ya mchezo tu. Jioni narudisha."

Jioni imepita. Adey amelia, macho kwenye boma tupu. Maziwa kikombe kimoja tu. Sijaongea na Yusuf.

Jumatano, 7 Agosti

Nimekwenda mwenyewe. Ukumbini wameziba madirisha kwa blanketi, wanaonyesha filamu mchana. Mtu ananyoa tikiti maji. Kiti kinavuka barabara peke yake. Watu wazima wametulia kama wako kwenye mtihani. Nje, mwanamke anafagia vumbi kushoto kwenda kulia, kisha analirudisha. Hiyo naifanya kila siku, na sitozi kiingilio.

Ngozi anayo kijana aitwaye Otieno. Ameishona kwenye shati lake. Ameipaka rangi ya buluu!

"Pole, mama. Kesho nacheza ndama, halafu nakurudishia."

"Wewe cheza. Ngamia wangu akikauka, mtakunywa rangi?"

Ikifumuliwa itapasuka. Mkia tu haujapakwa rangi, bado una harufu ya ndama. Yusuf anasema mkia unaweza kutosha. Yeye ndiye mwenye kosa, lakini ngamia anawajua. Basi kesho Adey anakuja shuleni, na Otieno atakaa ndani ya ngozi.

Alhamisi, 8 Agosti

Sijui niandike vipi.

Alasiri, uwanja umejaa. Otieno kapiga magoti na mikono chini, buluu tupu. Adey akaingia, akasimama mbali. Nikawaambia watu: atakayepiga makofi nitampiga mimi.

Akamnusa kichwani. Akarudi nyuma. Nikajua nimeisha. Akazunguka taratibu, shingo chini, akafika mkiani. Akanusa. Akanusa tena. Kisha akatoa ile sauti. Ile ya chini, ya kooni, anayompa mtoto wake tu.

Yusuf akasimama kwa mguu mmoja, kama ngamia anavyokamuliwa siku zote, chombo juu ya goti, akaanza kukamua. Wageni walidhani hiyo nayo ni sanaa. Tulisikia povu likijaa. Otieno hakutikisika, machozi yanamtiririka mpaka kwenye mchanga. Mimi pia. Subhanallah. Miaka yote hii nauza maziwa, sijawahi kusimama hata siku moja nikatazama.

Jumapili, 11 Agosti

Wameondoka. Jana na juzi Otieno alikuja asubuhi na jioni kupiga magoti. Aliacha ngozi pamoja na shati lake. Yusuf amelijaza nyasi. Adey ananusa mkia, kisha mkono wa shati. Lita tano.

Nimempelekea Yusuf chai bomani. Halafu nimefagia ua. Katikati nikasimama na ufagio, nikatazama vumbi likishuka.