Nauli ya Mama

Jumapili, 14 Septemba
Asubuhi ya mawingu. Manyunyu mepesi tangu saa kumi na mbili, upepo hakuna.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, miguu juu ya kiti kama daktari alivyokuagiza, na shemeji anakuhudumia bila kununa. Je, mgongo umepunguza kuuma? Na mtoto, bado anacheza zaidi ukilalia ubavu wa kushoto? Sisi huku ni wazima. Kikohozi cha Mama kimekwisha. Binti yangu amemaliza mitihani na sasa analala mpaka jua linachoka kumsubiri.

Utashangaa kupata barua wakati tuliongea kwenye simu juzi tu. Nimechagua karatasi kwa sababu nakujua. Ungesikia sauti yangu inatetemeka ungesema "haidhuru, mdogo wangu" kabla sijafika katikati, nami ningeipokea hiyo haidhuru na kunyamaza. Mara hii nataka unisikie mpaka mwisho.

Dada, nauli ya Mama ya kuja kwako ukijifungua mwezi wa kumi na moja haipo. Nusu yako uliyonitumia mwezi wa sita nimeitumia. Nusu yangu niliyokuahidi haijawahi kuwepo.

Karibu miaka mitatu iliyopita watu wa benki walikuja kiwandani, wakaweka meza kwenye chumba chetu cha kulia, kando ya birika la chai. Kila aliyejaza fomu ya kadi ya mkopo alipewa mwavuli. Nikajaza. Unajua kazini wananiita Rula. Kabla sijaweka mkasi kwenye kitambaa cha sare napima mara tatu, na kwa miaka kumi na moja sijaharibu hata mkono mmoja wa shati. Fomu ile sikuipima hata mara moja. Nilianza kwa kununua jokofu. Ikaja ada ya binti, yakaja meno ya Mama. Kila kimoja kilikuwa na sababu yake nzuri, ndiyo maana jumla sikuiona.

Mshahara wetu huingia tarehe 28. Basi kila tarehe 28 nililipa kile kiwango cha chini wanachokidai, na jioni nikaandika kwenye shajara: Nimelipa. Ukizipekua shajara zangu utalikuta neno hilo mara thelathini na moja, na kila mara niliandika kwa fahari. Barua za benki sikuzifungua. Unakumbuka Baba alivyokuwa akipokea bahasha ya benki, anaigeuza, anaiweka juu ya kabati na kusema, "Wamenikumbuka"? Nami nikafanya vivyo hivyo, ila za kwangu nilizipanga kwa tarehe na kuzifunga kwa utepe.

Pesa yako ilipoingia nilipiga hesabu niliyoiona ya busara. Nilijiambia nikiiweka yote kwenye kadi, riba itapungua, nafasi ya kukopa itafunguka, na mwezi huu wa tisa nitakata tiketi nzima kwa kadi hiyo hiyo. Niliichora kwenye karatasi, safu mbili, ikakaa sawa kabisa. Jumatatu iliyopita nikaenda kukata tiketi, kadi ikakataliwa. Yule dada wa dirishani alijaribu tena, kisha akaninong'oneza kwa upole, kana kwamba ananiambia zipu yangu iko wazi.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikaenda benki na kifurushi changu. Karani wa madeni, baba mmoja mwenye sweta na miwani ya kusomea, alifungua utepe, akazitazama bahasha, akacheka kidogo.

"Mama, umezitunza kuliko faili zetu. Ila sisi huwa tunaziandika ili zisomwe."

"Nililipa kila mwezi," nikamwambia. "Kila tarehe 28. Sijaruka hata mmoja."

"Naona. Tatizo ni kwamba mwisho wa kulipa ni tarehe 25."

Alizifungua moja baada ya nyingine kwa kisu cha karatasi. Faini ya kuchelewa, na riba juu ya faini, mara thelathini na moja. Kwa huko kuchelewa kadi ilishafungwa tangu mwezi wa tano, na barua ya kunijulisha ilikuwemo humo humo kwenye utepe. Pesa yako ilimezwa kwanza na faini na riba. Deni lenyewe lilipungua kama mtu aliyenyolewa, si kama aliyekonda. Nikauliza kama tarehe haiwezi kusogezwa ifuate mshahara. Akavuta droo, akanipa fomu ya ukurasa mmoja. Niliijaza kwa dakika nne. Dakika nne, Dada. Nilipotoka nilikaa kwenye ngazi za nje mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nina kisukari aniletee soda.

Yule karani amenipangia malipo ya miezi ishirini na sita, bila faini mpya, nisiposhindwa. Nilimwambia nataka nianze na deni la dada yangu.

"Anakutoza riba?"

"Hanitozi."

"Basi aje mwisho. Anza na linalokula."

Kwa hesabu ana haki. Lakini la kwako ndilo linaloniamsha usiku.

Jana nilimwambia Mama. Nilimkuta kwenye ujia anatembea na vile viatu vipya, kwenda na kurudi, kama afanyavyo kila asubuhi ili vilainike kabla ya safari. Nilieleza yote nimesimama. Alikaa, akavivua, akavipangusa soli na kuvirudisha kwenye boksi lake.

"Dada yako anajua?"

"Bado, Mama."

"Siku zote hizi nafunga sanduku, unaniangalia tu?"

Nikaanza kumwomba radhi. Akaniambia, "Mimi usinibembeleze. Mimi nitazaa? Mwandikie anayezaa."

Nimejiandikisha zamu ya ziada kila Jumamosi, kukata nguo za hospitali. Fedha hiyo haitaingia kwenye kadi. Itakaa kwa binti yangu, ambaye nimemkataza kunipa hata nikimpigia magoti, naye amekubali haraka kuliko nilivyopenda. Nikienda hivyo, nauli ya Mama itatimia mwezi wa pili, na nusu uliyoitoa wewe nitakurudishia baadaye kidogo kidogo. Usitume nyingine, najua mnahitaji kila senti kwa ajili ya kujifungua. Mtoto atakuwa na miezi mitatu, atakuwa ameshajua kucheka. Lakini siku yenyewe, hiyo uliyoingoja miaka kumi na tano ya ndoa, utaamka bila Mama pembeni yako, na hilo nimekufanyia mimi. Sina namna ya kulirudisha.

Nilidhani kwa kuninunia Mama angekataa kukutumia salamu. Badala yake leo baada ya chakula cha jioni alivuta kiti, akasema niandike, kwa kuwa hatakuwepo. Nakuandikia kama alivyotamka. Kula kabla hujasikia njaa. Mtoto akilala, lala, vyombo havilii. Maji ya kumwogeshea yapime kwa kiwiko, kiganja kinadanganya. Siku ya tatu utalia bila sababu, usiogope. Yeye alipokuzaa wewe alilia asubuhi nzima kwa ajili ya kikombe kilichovunjika, tena hakikuwa chake. Shemeji ajifunze kumbeba mtoto kuanzia siku ya kwanza, asijifanye ana mikono mizito. Na maumivu yakianza, hata iwe saa ngapi, piga simu uiweke mezani karibu na kitanda. Mama hatasema kitu. Anataka tu kuwa anasikiliza.

Msalimie sana shemeji. Binti yangu anakusalimu, anauliza kama ni mapema mno kumshonea mtoto kofia. Mungu akushushie mzigo wako salama, akulinde wewe na huyo mgeni wetu. Jibu lolote utakaloniandikia, hata likiwa kali, nitalifungua siku hiyo hiyo.

Mdogo wako aliyekukosea, na anayekupenda vile vile,
Rula

Nimeongeza mstari huu Jumatatu kabla ya kufunga bahasha: imla ya Mama iliendelea baada ya hapo, nimekuwekea karatasi mbili nyingine. Tulizima taa saa sita. Usingizi ulinichukua saa nane na dakika ishirini.