Wote Walisema Safi

Jumanne, 2 Septemba

Asubuhi ya usingizi usingizi. Mwanga wa dirishani ulikuwa umetua kwenye kiti cha wagonjwa, nami nimeukodolea macho mpaka Pacha akapiga makofi mbele ya uso wangu. "Umesafiri?" Pacha si pacha wangu wa kweli. Tulisomea meno pamoja, tukaajiriwa pamoja, sasa tunazeeka pamoja kwenye kliniki hii hii.

Akaja fundi seremala, jino linamsumbua, maneno mengi. Nikamwambia atoe ulimi. Nikaushika kwa kitambaa cha shashi, nikauvuta kulia, nikauvuta kushoto. Doa jeupe! Nikalifuta. Halifutiki. Utando wa fangasi ungefutika, hili limeng'ang'ania. Tukakata kipande kidogo papo hapo, kikaenda maabara kupimwa saratani. Mbona haliumi, aliuliza. Ndiyo maana nimelikata, nikamjibu. Kinachouma kina adabu, kinabisha hodi.

Mimi nikajisikia mjuaji kweli kweli.

Jioni, napiga mswaki — kuna kitu pembeni mwa ulimi, kushoto. Nimejiuma usingizini. Basi.

Ijumaa, 5 Septemba

Ndoto. Natembea ndani ya mdomo. Chini laini, joto, unyevunyevu. Huko mbali mtu anapumua, na pumzi yake inanipeperusha nguo. Sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa natafuta swichi ya taa.

Mzee, mume wangu, anasema siku hizi naongea usingizini. Nasema nini? "Unasema: fungua zaidi, fungua zaidi." Tumecheka mpaka chai ikamwagika.

Kitu bado kipo. Kidonda kidogo, punje ya mtama. Nimegundua jino la nyuma limevunjika kona — ndilo linalokwaruza! Nimelisugua mwenyewe kwa mashine, Pacha akiwa ametoka kula. Sasa kipewe nafasi. Ndivyo ninavyofundisha kila mwaka: ondoa kinachokwaruza, subiri wiki mbili, kisipopona kata kipande. Hakuna mjadala.

Jumapili, 14 Septemba

Hakijapona. Lakini jana nilikunywa chai ya moto nikajiunguza palepale! Kwa hiyo hesabu inaanza upya. Wiki mbili, kuanzia leo.

(Mgonjwa akinieleza hivyo ningemtimua.)

Mganga hajigangi, walishasema. Hawakusema asijitazame. Nimesimama dirishani jikoni na kioo cha mkononi, nikatoa ulimi, nikatazama, nikatazama, mpaka ukaacha kuwa wangu. Kitu tu, chekundu, kinang'aa, kizuri. Nje mtoto wa jirani alikuwa anaendesha baiskeli, anazunguka, anazunguka. Nikagusa kingo za kidonda. Ngumu kidogo. Hazikuuma.

Mzee akaingia. "Unamtolea nani ulimi?" Nikasema najitolea mwenyewe, nina makosa mengi. Akaondoka anacheka peke yake kwenye ukumbi. Nampenda mtu huyu jamani. Sikumwambia.

Jumatano, 24 Septemba

Kesho wanafunzi. Kila mwaka nawafundisha kukagua mdomo kwa kutumia mdomo wangu mwenyewe. Nakaa kwenye kiti, wanapita mmoja mmoja, wananishika ulimi, wanasema wanachokiona. Pacha husema ulimi wangu umeshikwa na nusu ya madaktari wa meno wa nchi nzima.

Nilitaka kumwomba akae yeye safari hii. Nikafika mpaka mlangoni kwake. Nikarudi.

Acha. Kesho mtu atakiona. Atakisema yeye, si mimi. Mimi nitashtuka tu kama mgonjwa yeyote.

Naogopa. Haya, nimeandika. Wakikata ulimi nitafundishaje? Nitamwitaje mzee kutoka chumba cha pili? Mvua nyepesi inanyesha, haina sauti. Siwezi kuacha kuitazama.

Alhamisi, 25 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Nimekaa kwenye kiti, taa usoni, macho nimefumba. Akaja wa kwanza, kijana mwenye kujiamini. Glavu zake zilinuka ule unga wa glavu mpya. Akavuta ulimi kulia. Akavuta kushoto. Akatulia. Moyo wangu ukaenda mbio — sema, mwanangu, sema. "Safi, mwalimu."

Safi?

Wa pili. "Safi, mwalimu." Wa tatu, safi. Wote, mmoja baada ya mwingine, sauti ile ile. Wa mwisho ni binti tunayemwita Kimya, maana tangu aje hajasema zaidi ya salamu. Vidole vyake vilikaa palepale, kwenye kidonda chenyewe. Akakiminya taratibu, kama nilivyowafundisha. Nikafungua macho. Yake yalikuwa yamejaa maji. "Kawaida, mwalimu."

Nikashuka kitini. Koridoni nilikuwa kama naelea. Wote wamesema safi! Labda niliota. Labda kidonda chenyewe ni cha kwenye zile ndoto zangu, na leo nimeamka. Nilimsalimia mfagizi mara mbili. Kwa muda ule nilikuwa mzima kabisa, na naapa sijawahi kuona korido yetu ikipendeza hivyo.

Nikaingia chooni. Kioo.

Kipo! Tena kimekua.

Nikamwita Kimya. Akaja, akatazama viatu vyake. Kwa nini? Ikatoka kidogo kidogo. Walikiona wote. Wa kwanza alipotoka aliwanong'oneza wenzake: mwalimu anaujua mdomo kuliko sisi, kama amenyamaza ana sababu zake, na si adabu kumtangazia mkubwa kidonda chake. Wakakubaliana. Heshima!

Nikawaka. Nilitaka kuwafelisha wote, mpaka kijana wa glavu za unga. Nikafungua mdomo nimkaripie, kidonda kikagusa lile jino. Mimi nilisugua jino. Nikasingizia chai. Hawa wamefanya nilichofanya mimi, ila wao kwa adabu.

"Kina muda gani, mwalimu?" Sauti ndogo, karibu sikuisikia.

Nikamwambia kweli. Mwezi mzima unaisha, pengine zaidi. Akalia yeye. Mimi nikatafuta kitambaa cha kumpa, nikapata shashi.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimemwambia mzee asubuhi, anafunga kamba za viatu. Akazifungua tena. Akakaa kitandani na kiatu mkononi, akauliza kama kinauma. Hakiumi, nikasema. "Basi afadhali," akasema, maskini. Sikumsahihisha. Amenisindikiza, yuko nje kwenye benchi.

Pacha amekasirika. Amekagua, akapapasa na shingo yangu chini ya taya, hajatania hata mara moja. Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Amesema tunakata kipande sasa hivi. Si kesho.

Nimetaka wanafunzi wote wawepo. Nimewaambia: leo mimi si mwalimu, mimi ni mgonjwa, na atakayesema safi akatafute kazi nyingine. Hakuna aliyecheka.

Sindano imeshaingia. Naandika kitini, daftari mapajani, nasubiri ganzi. Inakuja polepole. Kwanza ncha ya ulimi, halafu mdomo wa chini, halafu kama nusu ya uso imeondoka kwenda kulala. Taa nyeupe. Sauti zao ziko mbali. Ningeweza kukaa hapa siku nzima.

Pacha ananigusa kwa ncha ya kifaa. Unahisi? Nimeitikia kwa kichwa: ndiyo, bado nahisi. Anasubiri. Ananigusa tena. Nimeitikia tena.

Sihisi kitu. Nataka tu mstari mmoja zaidi. Na mwingine.

Kimya ndiye atakayenishikia ulimi. Amesimama na shashi mkononi, ananitazama machoni, hatazami viatu. Sasa anamgeukia Pacha. Sauti hii sijawahi kuisikia, imejaa chumba kizima:

"Dokta, anadanganya. Ameshakufa ganzi. Mnyang'anye kalamu."