Laki Tano za Kipanga

Baba yangu, shikamoo.

Najua huko uliko barua haifiki, lakini habari hii siwezi kukaa nayo. Zimegeuka! Tisa zote tano za mita ya gari lako zimegeuka, Baba, jana mchana, kilomita chache kabla ya Gede, tukitoka Kilifi kumjulia hali mama mkwe. Mimi nimeshika usukani, mke wangu Kadzo kando yangu ameikamata dashibodi kwa mikono miwili utadhani tunapaa. Nilipunguza mwendo mpaka hata baiskeli yenye gunia la makaa ikatupita. Tarakimu ya mwisho ikapanda polepole, ikazivuta zile nyingine, na sufuri tano zikajipanga mbele ya macho yangu. Nikapiga honi mara tatu. Nikapiga na kelele. Kadzo akanichapa bega: "Angalia njia, baba watoto, utatuua na furaha yako!"

Kilomita laki tano! Na hili ndilo gari lililoletwa gereji kwako Muyeye limefungwa kamba nyuma ya lori, injini imepasuka, na mzungu mwenye gari anarudi kwao akakwambia ulikate uuze vipuri. Gari la mbio, la milango miwili, jekundu, limekaa chini hata kuku akipita mbele yake hulioni. Ukalikalia miezi minane. Siku lilipowaka, majirani walitoka nje wakidhani ni ndege, nawe ukaliita Kipanga.

Watu walikucheka, unakumbuka? Fundi wa mashine za kusaga mahindi, kazi yake Vitengeni na vijiji vya huko ndani, anakwenda kazini na gari la mbio! Nyuma umepakia spana, mkanda wa mashine na debe la grisi. Wakati wa kurudi umebebeshwa mihogo na jogoo aliyefungwa miguu, naye anatazama nje dirishani kama tajiri. Mimi nilikuwa nikiona haya. Leo ningetoa chochote nimwone jogoo yule tena.

Haya yote ya laki tano yametokana na ukali wako. Hukuikanyaga injini kabla haijapata moto, hata mteja akisimama mlangoni anapiga kelele. Uliyapima mafuta ya injini kwa kidole, ukayanusa, ukayasugua, ndipo ukasema yana siku ngapi. Na tukipita njia ya ufukweni, tukifika nyumbani ilikuwa ni ndoo mbili za maji baridi chini ya gari, kuosha chumvi. Hata mifereji ya maji ya Muyeye ilipokauka wiki nzima. Mama alisema gari linaoga kuliko watu wa nyumba hii, nawe ukamjibu, "Watu hawashiki kutu."

Kisha ile rangi yako! Kila nati uliyoikaza uliichora mstari mwembamba, nusu juu ya nati, nusu juu ya chuma, ili ikisogea tu uone mstari umekatika. Ulinifundisha hivyo nikiwa bado nakuletea spana. Na kwa rangi hiyo hiyo ulihesabu umri wa Kipanga. Mita yake ina tarakimu tano tu, kwa hiyo kila laki moja hurudi sufuri, na mtu asiyemjua anaweza kudhani ni kigoli. Basi kila ilipogeuka ulitoa tairi la akiba kwenye buti ukachora mstari mmoja wa njano kwenye bati lililo nyuma yake. Ilikuwa minne. Wa tano ndio uliokuwa ukiungoja, na ulipostaafu ulimwambia kila mtu wa mtaa wetu kwamba hutaki sherehe wala saa ya ukutani, unataka laki tano tu.

Nawe ukaondoka zikiwa zimebaki kilomita mia tatu na hamsini. Hilo liliniuma, Baba. Kuna watu walinikuta nalia pale matangani wakanipa pole za mzazi, kumbe nililia pia kwa ajili ya mita. Nilifunika Kipanga kwa turubai miaka miwili, sikutaka kumwona. Kadzo ndiye aliyeniambia, "Gari la mzee linaoza na wewe unaitwa fundi." Nikaona aibu. Nikabadilisha mipira yote iliyopasuka, nikafungua breki zilizoshika kutu, nikaosha tangi la mafuta mara tatu. Alipowaka, nilikaa chini gerejini nikacheka peke yangu. Tangu hapo nilimwendesha kwa lengo moja, nikufikishie namba yako.

Sasa ngoja nikuambie jambo ambalo sikuwahi kukuambia. Nilikuibia kilomita.

Nilikuwa na miaka ishirini. Kila mlipokwenda matangani Ganze na wazee wenzako kwa basi, mimi nilitambaa chini ya Kipanga, nikafungua nati ya waya wa mita kwenye giaboksi, mita ikalala, nikaenda zangu Kilifi kumwona Kadzo. Wakati huo kwao hawanijui, tunaonana kwa shangazi yake kwa dakika chache tu, nipewe chai na nitazamwe kama mwizi wa mbuzi. Kurudi, narudisha mafuta kiasi kile kile, namwaga ndoo mbili za maji, nakaza nati. Sitini kwenda, sitini kurudi. Nilifanya hivyo mara tatu. Nilijiona hodari sana. Mtoto wa fundi mwenye kuchora kila nati, halafu nikafungua nati bila kuangalia rangi! Sijui nilikuwa na akili gani.

Turudi jana. Tulipofika nyumbani sikuingia hata ndani. Nilichukua kopo la rangi ya njano na brashi, nikafungua buti, nikatoa tairi la akiba ambalo sikuligusa tangu ulipotutoka. Nikapangusa vumbi. Nikahesabu, nikahesabu tena, nikamwita Kadzo ahesabu.

Mistari mitano.

Wa tano umepinda kidogo, wa mkono uliochoka. Nikasema, "Nani amechora huu?" Kadzo akaweka kitambaa mdomoni. Nikadhani ananicheka, kumbe analia.

"Ni Baba," akasema. "Alizijua safari zako za Kilifi. Siku ile uliyonileta hapa mara ya kwanza, ulipotoka kununua soda. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza polepole, 'Mwanangu, kabla ya leo huyu alishakuja kwenu na gari jekundu?' Ningemdanganyaje mzee? Nikasema ndiyo. 'Mara ngapi?' Nikasema tatu. Akahesabu kwa vidole, akacheka mpaka akafuta macho. Nikamwomba msamaha. Akasema, 'Wewe huna kosa. Ila usimwambie kwamba najua. Nataka aniambie mwenyewe.'"

Nilitambaa chini ya gari na nguo zangu za kwenda ukweni. Nikaifuta nati ile kwa mafuta ya taa, grisi ya miaka yote ikatoka. Rangi ya njano, imekatika. Nyeupe, imekatika. Buluu, imekatika. Na ya nne, kijani, imenyooka mpaka leo, kwa sababu baada ya hapo nilianza kwenda Kilifi kwa heshima. Kila nilipofungua, uliona. Kila ulipoona, ulichora upya ukanyamaza.

Nililala pale chini, Baba, nikaikumbuka siku ile ya Ganda.

Tulikuwa tunatoka Vitengeni, mashine ya mama mjane mmoja uliyemsaidia hata baada ya kustaafu imepona, wewe ndiye uliyeendesha. Sikujua kwamba ni mara yako ya mwisho. Tulipofika Ganda, kama kilomita kumi kabla ya nyumbani, ukasimamisha gari kando ya muuza madafu, bila sababu. Ukapiga honi mara tatu. Ukashuka, ukapigapiga paa la Kipanga, ukaagiza madafu mawili, ukaniambia, "Kunywa, leo sikukuu." Mimi mjuaji nikachungulia mita. "Sikukuu ya nini, Baba? Bado mia tatu na sitini!" Ukanitazama muda mrefu, kama mtu anayengoja kitu. Mwisho ukasema, "Hizo ni hesabu zako," ukacheka mpaka kikohozi kikakushika.

Mia tatu na sitini, Baba. Mara tatu, mia na ishirini.

Na wiki ile ile, kitandani, nilipokwambia pona tukamalizie laki tano, ulinishika mkono ukasema, "Mimi na Kipanga tushamaliza." Nilidhani unaniaga.

Kumbe siku ile ya Ganda laki tano zilikuwa zako. Miaka yote hii nimesikitika kwamba hukufika, na ulifika, ukiwa umeshika usukani mwenyewe, mchana kweupe, na dafu mkononi, na mimi kando yako nakubishia! Sijui nicheke au nilie, nimefanya yote mawili tangu jana. Kitu kimoja tu hukukipata, nacho ulikuwa ukikingoja pale Ganda huku ukinitazama. Basi kipokee leo: ni mimi, Baba. Nilifungua waya wa mita mara tatu na nikakuficha. Nisamehe.

Kopo la rangi nimelifunga. Sikuchora kitu, kwa maana ule mstari wa tano haukuwa wangu kuuchora. Leo alfajiri nimempasha Kipanga moto bila kumkanyaga, nimenusa mafuta, nimemwosha chumvi. Mstari wa sita ndio wangu. Kwa hesabu zangu imebaki laki nzima. Kwa zako, zimeshapungua mia tatu na sitini.

Nitahesabu kwa zako.

Pumzika, fundi wangu. Kadzo anakuamkia.

Mwanao,
mwizi wako wa kilomita