Kisanduku cha Hewa Juu ya Paa la Boti

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Shikamoo yako imefika Liuli salama, pamoja na mchoro wa boti unayotaka kuijenga. Bibi yako mzima, anaanika usipa, dagaa wetu wa ziwani, na kugombana na kunguru. Mjomba wako amepanda milimani Mbuji kuchuma kahawa.

Unauliza nilijuaje pa kuelekeza kisanduku cha hewa juu ya paa. Sikujua. Boti yangu ya kwanza ya abiria niliiwekea kisanduku kizuri cha kuingiza hewa chumba cha abiria, nikakipiga randa mpaka kikang'aa, mdomo ukitazama mbele ili kishike upepo. Tulipoingia ziwani kikashika mawimbi. Abiria wakaloa. Kwa hasira nikakipigilia ubao, nikarudi kukaa nje na nahodha, napunga upepo.

Tulipofika, mama mmoja Mmatengo alitoka chumbani ametota jasho.

"Fundi," akasema, "hata moshi wa jikoni kwangu una pa kutokea, na mvua haiingii. Wewe umewahi kukaa humu ndani?"

Sikuwahi. Boti nzima niliijenga nikiwaza nahodha tu.

Safari iliyofuata nilikaa humo, nimebanwa kati ya akina mama na magunia ya usipa. Hatukufika mbali kabla sijaelewa. Nikang'oa ule ubao, nikageuza mdomo wa kisanduku utazame nyuma, nikauwekea kipaa kidogo, kama cha jikoni.

Mchoro wako ni mzuri, mama. Nimeutazama sana. Nahodha umemchora, usukani umeuchora. Chumbani sijaona mtu.

Ni mimi babu yako.