Vipande Kumi na Vinne vya Kengele

Ofisi ya Mradi wa Visima,
Musoma.
12 Juni 1995

Kwa dada yangu Hyasinta,

Naanza kwa kukusabahi wewe, shemeji, na wote wanaolala chini ya paa lenu hapo Guta. Ni matumaini yangu kwamba kifua cha shemeji kimetulia, kwamba mihogo imestahimili zile mvua za mwisho, na kwamba kaka Leodgar ameanza kulitaja jina langu bila kutema mate. Mimi huku ni mzima wa mwili. Hilo la uzima nitalirudia, maana ndilo lililonikalisha kuandika.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Boniphace, dereva wetu, pamoja na furushi la dagaa na majani ya mwarobaini uliyonichumia kwa ajili ya homa. Asante sana dada. Umeniuliza mambo mawili: kama ni kweli mradi wetu umefungwa, na kama nimepona. La kwanza ni kweli, umefungwa. Lakini nikiishia hapo utafikiri wafadhili wamechoka tu, au ni haya mageuzi ya uchumi ambayo siku hizi kila mzembe anayasingizia. Ngoja nikueleze, ujue nimekuwa nikifanya kazi chini ya mtu wa namna gani.

Unamkumbuka Bwana Danford, mratibu wetu, yule wa Butiama aliyekuja kwenye msiba wa mama akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti alichowekewa padri. Ana miaka arobaini na sita, ana diploma mbili, na ana miwani ambayo anaivuaga akitaka watu waone kwamba anafikiri. Yule mhandisi wa kizungu alipomaliza mkataba wake mwaka juzi, alituachia kompyuta, na ndani ya kompyuta alisahau mchezo. Ni mchezo wa Kiingereza wa nchi ya kubuni, yenye wafalme na majoka na wachawi. Wewe unakuwa mtu mwenye upanga, mfupi kama punje ya mtama, unatembea kwenye kioo kwa kubonyeza vitufe. Kazi yako ni kumkomboa mfalme aliyefungwa gerezani. Bwana Danford alimkomboa kwa miezi sita. Hiyo miezi sita ripoti zetu ziliandikwa kwamba tulikuwa kwenye maandalizi.

Mtu mwingine angeishia hapo akarudi kwenye visima. Lakini mle ndani kuna kijiji kimoja pembeni, na kwenye kijiji hicho kuna mhunzi kipofu. Ukipita mlangoni kwake anakuambia kwamba zamani alifua kengele, vita vikaja, kengele ikavunjika vipande kumi na vinne, vikatawanyika nchi nzima. Anakuomba umtafutie. Mchezo wenyewe unakuambia waziwazi kwamba kazi hii si ya lazima. Ukimpita mzee huyo hupungukiwi na kitu, mfalme atatoka gerezani vilevile. Ni kazi ya mtu asiye na kazi, dada. Ilimfaa Bwana Danford kama soli inavyofaa kiatu.

Vipande vimefichwa chini ya madaraja, makaburini, tumboni mwa samaki. Bwana Danford alichora ramani za mapango nyuma ya fomu za kupimia maji. Umeme ulipokatika kwa mgao, aliwasha jenereta la kuchimbia visima, likanywa dizeli yetu yote ili yeye amalize pango. Siku moja aliniita nichukue imla. Nikapeleka daftari, naye akaanza kusema: "Kisima kilichokauka, upande wa mashariki, kushuka kunahitaji kamba." Nilipiga chapa kurasa mbili nzima, nikaziweka kwenye faili la kata ya Buswahili nikijua ni taarifa ya ukaguzi. Baada ya wiki mbili ndipo alipokuja kuziomba akiwa amekasirika, akisema nimempotezea njia ya kipande cha sita.

Na Buswahili huko kweli kulikuwa na kisima. Pampu yake ilikufa raba mwaka jana mwezi wa tisa, watu wakarudi kuchota mtoni. Mwenyekiti wa kamati yao ya maji ni mama mmoja mtu mzima aitwaye Wankyo, mrefu, asiyependa maneno mengi. Alikuja ofisini mwezi wa kumi, nikamwambia mratibu, mratibu akanijibu bila kugeuza shingo kwamba raba zimeagizwa. Akaja tena mwezi wa kwanza. Siku hiyo mlango wa ndani ulikuwa wazi, na mama Wankyo akakaa kwenye benchi akimtazama Bwana Danford anavyokikodolea macho kioo, mdomo wazi, jasho kipara kizima.

Akaniuliza polepole, "Huyo mkubwa wenu anatafuta nini humo?"

"Kengele, mama."

"Ya kanisa gani?"

Akajifunga kitenge chake vizuri akaondoka, na Bwana Danford hakujua hata kama kuna mtu alikuwa amekaa pale.

Wafadhili nao si vipofu. Mwezi wa pili walituma mkaguzi, akaomba aonyeshwe visima vya mwaka, akaonyeshwa vitatu, na kimoja kati ya hivyo kilichimbwa na wamisionari kabla sijazaliwa. Mwezi wa tatu barua ikaja: mradi usimame, wafanyakazi wapunguzwe, vifaa visubiri kuchukuliwa na watu wa Mwanza. Mimi niliachwa nitunze funguo, na Boniphace atunze gari, mpaka makabidhiano. Bwana Danford alipokuja kuaga nilitegemea atasema neno juu ya kazi ya miaka mitatu. Alisimama mbele ya kompyuta ile, dada, akavua miwani, akaniambia amepata vipande kumi na kimoja tu, na kwamba vitatu vilivyobaki havipo, waliotengeneza mchezo wamewadanganya watu. Machozi yalimlengalenga. Kwa mama yetu hakulia, na kwa visima hakulia. Nikamfungulia mlango apite.

Sasa sikiliza nilichofanya. Siku ya pili niliwasha ile kompyuta ili niufute huo mchezo, nisiuone tena. Lakini kabla ya kuufuta nikasema niangalie kidogo ni kitu gani hasa kilichomla mtu mzima miaka miwili. Nikakaa.

Nakuapia haikunichukua wiki kujua kwa nini alishindwa. Mle ndani njiani kuna wanawake wengi, wafua nguo, wauza vyungu, wachota maji, na kila mmoja ukimsimamia anakuambia jambo. Bwana Danford alikuwa hawasimamii. Alipita na upanga wake akikimbilia mapangoni, akiamini kitu cha maana lazima kiwe kimelindwa na joka. Hata kwenye nchi isiyokuwepo alikuwaga hasikilizi watu! Mimi nilichukua kamusi, nikaanza kuongea nao mmoja mmoja. Kipande cha kumi na mbili alikuwa nacho mfua nguo, alikifanya jiwe la kusugulia. Cha kumi na tatu kilifungwa shingoni mwa mbuzi wa mjane mmoja. Nilicheka peke yangu ofisini. Nilijiona mimi ni mtu wa akili sana, na kila siku nilipofungua ofisi nilikuwa nikimdharau Bwana Danford upya, kwa raha, kama mtu anavyokunywa chai.

Mwezi wa nne mama Wankyo akaja mara ya tatu. Alinikuta nimekaa pale pale alipomkuta mwenzangu. Nilimwambia kwa adabu kwamba mradi umefungwa, raba hazikufika, na mimi ni mshika funguo tu. Aliangalia kioo, akaniangalia mimi, akaenda zake. Wiki ile ile Boniphace akaniambia kwamba mamba alimkamata Jeska, mke wa mtoto wa mama Wankyo, akichota mtoni. Watu walimnyang'anya mamba kwa mapanga, akapona, lakini mguu mmoja hautakanyaga sawasawa tena. Niliposikia nilimlaani Bwana Danford mpaka ukoo wake. Halafu nikaendelea kutafuta kipande cha kumi na nne.

Dada, nimefika kwenye swali lako la pili.

Jumamosi ile ya kuweka msalaba kwenye kaburi la mama sikuwa na homa. Watu wa Mwanza walikuwa wamesema watachukua vifaa Jumatatu, na kwa mgao wa mtaa wetu umeme ulikuwa Jumamosi mchana tu. Nilimtuma Boniphace aje awaambie nimeshikwa na malaria, na alipoondoka kuja kwenu nikafungua ofisi saa mbili asubuhi. Wala usimlaumu Boniphace, alikuwa anaamini.

Kipande cha mwisho kilikuwa kwa mwanamke anayesaga nafaka. Alikiweka nyuma ya mlango usifungwe na upepo. Anasema atakupa, lakini kwanza umsaidie kusaga. Kusaga kwenyewe ni kubonyeza kitufe kimoja bila kuachia, gunia baada ya gunia. Nilibonyeza saa nzima na robo. Uliniandikia kwamba siku ile mlipungukiwa wasagaji na wapishi, mpaka wewe mwenye wageni ukaingia jikoni na gauni la kanisani. Mimi saa hiyo nilikuwa nasaga unga ambao hakuna mtu atakayeula. Nilijua ni saa ngapi. Nilijua kwaya imeshafika kaburini. Kidole sikukitoa.

Nikampelekea mhunzi vipande vyote kumi na vinne. Akaviyeyusha, akaifua kengele, ikalia mara tatu kwenye kompyuta, sauti nyembamba kama mbu. Nikasogea karibu nisome atakachosema, kwa sababu Bwana Danford alikuwaga anasema lazima kuna zawadi kubwa mwishoni. Yule kipofu alisema hivi, na nimeyatafsiri kwa kamusi mara mbili nikidhani nimekosea: "Asante. Nilikuwa nimesahau kwamba nilikutuma." Basi. Akarudi kukaa mlangoni kwake.

Nilikaa pale hadi umeme ukakatika. Nimejiuliza sana tangu siku ile nilikuwa nataka nini. Nilitaka kumshinda Bwana Danford, hilo halina ubishi. Lakini kuna lingine. Miaka mitatu nimepiga chapa barua za kuomba, barua za kukumbusha, ripoti za kueleza kwa nini jambo halijaisha. Ile ilikuwa kazi pekee katika ofisi yetu iliyokuwa na mwisho, na mimi nikautaka huo mwisho kuliko nilivyotaka kusimama na nyinyi mbele ya kaburi la mama na kukubali kwamba naye ameisha. Sikuambii haya ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu umenichumia majani ya mwarobaini, na kila nikiyaona pale juu ya kabati najisikia mwizi.

Bado kuna moja, na ndilo baya kuliko la msalaba. Jumatatu watu wa Mwanza walikuja. Walipoiondoa meza ya kompyuta kulikuwa na boksi chini yake, limesukumwa ukutani, lina vumbi na alama za viatu. Juu limeandikwa kwa kalamu nyeusi: Buswahili. Ndani yake raba za pampu, mpya, zimefungwa kwa karatasi la mafuta, na hati ya kupokelea ya mwezi wa kumi mwaka jana. Sahihi ni ya Bwana Danford. Alipokea, akalisukumia chini ya meza, akasahau. Alama za viatu vikubwa ni zake. Lakini zilikuwepo pia alama za kisigino kidogo, dada, na kisigino hicho nakijua, ni cha viatu vyangu vya bluu. Miezi mitatu nilikuwa nakanyagia raba za Buswahili nikiwa nimekaa vizuri nikimdharau mtu mwingine. Na mamba alimkamata Jeska katika miezi hiyo, siyo katika ile ya Bwana Danford.

Sikuwaambia watu wa Mwanza. Nilimwomba Boniphace anipeleke siku hiyo hiyo. Tulimkuta mama Wankyo anapepeta mtama, na Jeska ameketi pembeni kwenye mkeka, mguu umenyooshwa. Nikaweka boksi chini. Nikamwambia lilikuwa wapi, na sikuacha kitu. Mama Wankyo alilifungua, akatoa raba moja akaigeuzageuza, akampa Jeska naye aione.

"Kumbe mlikuwa nazo," akasema.

Alisema mlikuwa. Hakusema alikuwa. Nami sikumsahihisha, kwa sababu hakukosea. Fundi wao alizifunga kabla jua halijazama, na maji yalitoka, kwanza mekundu kwa kutu, halafu meupe. Watu walishangilia. Jeska hakuinuka kuja kuona, na mimi sikwenda kumuaga.

Basi, dada, hizo ndizo habari za huku. Ofisi naifunga Ijumaa na Jumamosi nitapanda gari la asubuhi kuja Bunda, kisha Guta. Nitakwenda kwanza kaburini, peke yangu, ndipo nije nyumbani. Barua hii usimsomee kaka Leodgar. Nitamwambia mimi mwenyewe, mbele yako wewe na shemeji, na akinifukuza nitalala kwa mama mdogo. Bwana Danford nasikia amepata kazi kwenye shirika jingine huko Buhemba, na wanamwita mtaalamu. Ningekuwa na nguvu ya kumcheka ningemcheka, lakini kila nikianza naona viatu vyangu.

Nisalimie watoto wote, mama mdogo, na jirani zetu waliopika siku ile mahali pangu. Na wewe dada, ukishamaliza kusoma ukasikia dharau inakupanda moyoni, usiizuie kwa ajili yangu. Mimi mwenyewe nimeshatangulia.

Ni mimi mdogo wako,
Pelagia Masatu