Wakili wa Ukoo Wetu

Kot Mirdad,
Chiniot, Punjab.
11 Novemba 2019.

Mpendwa mpwa wangu Kausar,

Assalamu alaykum. Huku hatujambo, ila magoti yangu hunikumbusha umri wangu kila nipandapo ngazi. Wewe na watoto hamjambo? Nasikia baridi ya Gilgit imeanza kuuma. Usiende zamu hospitalini bila sweta.

Mwanangu, kosa wafanyalo wengi wa kwetu wakipata shauri la urithi ni kutafuta wakili wa ukoo wao. Husema, "Huyu ni wetu, hatatuuza." Wanasahau kwamba ndugu wanayeshindana naye ni wa ukoo huo huo.

Nimesikia kaka yako Asghar amekuita Alhamisi ya wiki ijayo, utie saini na dole gumba kwenye karatasi ya kumwachia fungu lako la shamba la marehemu baba yenu. Wakili ni Chaudhri Ilyas, mtu wetu. Asghar si mtu mbaya. Hata mimi sikuwa mbaya, na ndiyo maana nakuandikia jambo nililolificha miaka ishirini na sita.

Babu yako, baba yetu mimi na mama yako, alipofariki, Nuran alinijia. "Kaka, nitafutie wakili anieleze changu ni kipi." Nikampeleka kwa huyo huyo Ilyas, ambaye jana yake alikuwa amekula kwetu. Akampokea kwa kicheko: "Dada, mahakama ya nini baina ya damu moja? Ukigawana shamba na kaka zako, Idi utaletewa nguo na nani?" Akasogeza karatasi na kidau cha wino.

Mama yako hakujua kusoma. Akanigeukia. "Soma wewe, mwalimu wetu. Inasemaje?"

Niliisoma yote, nikaielewa yote. Nikamwambia, "Ni sawa tu, Nuran. Weka."

Akaweka. Tangu hapo tulimpelekea nguo kila Idi, tukajiona ndugu wema. Ulipotaka kusomea uuguzi, aliuza nyati wake pekee wa maziwa, maana ardhi hakuwa nayo. Idi yake ya mwisho alikipapasa kitambaa, akacheka: "Kizuri hiki, kaka. Kimevunwa shambani kwangu?" Nami nikacheka naye. Laiti ningemwomba radhi siku ile! Sasa naliomba kaburi, nalo halijibu.

Juzi nilikwenda mjini kwa ajili yako, kwa Wakili Riffat Bano, mwenye chumba nyuma ya mahakama. Si wa ukoo wetu. Nikamuuliza kama amewahi kumtetea mtu dhidi ya watu wetu; nawe usimchukue wakili yeyote kabla ya kumuuliza hivyo. Akanitazama juu ya miwani. "Mzee, nikuhesabie kwa vidole vya mikono, au nivue na viatu?"

Basi nikamwomba aandike pia karatasi ya kukurudishia fungu la mama yako lililo mikononi mwangu. Nimekwisha kutia saini. Nuran hatalilima, lakini ni lako.

Nisalimie mumeo Sher Ali na binti zako, Mahrukh na Zarina. Mke wangu Hajra anawabusu. Mola akupe moyo shupavu kuliko wangu.

Wako akupendaye,
Mjomba Nazar

Namba ya simu ya Wakili Riffat nimeiandika nyuma ya bahasha. Mpigie leo, kabla hujamjibu Asghar.